Mume wangu anakimbizana na mkopo wa nyumba, na ndani ya nyumba hakukaliki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Dar es Salaam. Baada ya kupanga Sinza kwa miaka mingi, mwaka jana tulihamia kwetu Madale. Nyumba tuliinunua kwa mkopo wa benki: milioni 80, riba asilimia 16, miaka 15. Rejesho ni shilingi 1,175,000 kila mwezi. Mume wangu anasimamia usafirishaji katika kampuni binafsi, na mkononi anapata 2,600,000. Mimi napata 900,000.

Kabla hatujamaliza hata mwezi kwenye nyumba, mwenzake wa kazini alipunguzwa kazi, akashindwa kulipa mkopo, na nyumba yake ikapigwa mnada. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumsaidia kuhamisha vyombo. Alirudi usiku akaniambia hawezi kuishi miaka 15 na kitanzi shingoni. Akaamua kila mwezi ahamishie laki 7 za ziada kwenye akaunti ya mkopo, ili tumalize ndani ya miaka mitano. Niliunga mkono kwa moyo wote, maana nyumba ni yetu sote.

Shangazi, sasa ni mwaka mzima. Kisimbuzi kilikatwa, sawa. Mtoto wa pili alitolewa English medium akapelekwa shule ya kayumba. Nililia, lakini amezoea. Mtungi wa gesi ulipokwisha haukujazwa tena, tunapikia mkaa wa kupima. Binti yangu yuko kidato cha pili. Akirudi shule saa kumi na moja anaanza kuwasha jiko na kuinjika maharage, daftari anakuja kulishika saa tatu usiku, macho mekundu kwa moshi. Mama yangu yuko Lushoto, nilikuwa namtumia elfu 40 kila mwezi. Imesitishwa "mpaka tumalize". Michango ya harusi na kipaimara hatutoi, na watu wameshaacha hata kutuletea kadi. Jumamosi na Jumapili mume wangu anafanya kibarua cha udereva, hivyo watoto wanamwona akiwa amelala.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa wa binti yangu alinipigia kuniambia kwamba saa ya chakula mtoto anabaki darasani, na wenzake amewaambia amefunga. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, baba alisema tuvumilie."

Kuna jambo baba watoto halijui. Mshahara wangu wote ndio unaoendesha nyumba na hautoshi, kwa hiyo nimekopa kikoba laki 6. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi natoa riba tu, deni lenyewe liko palepale.

Juzi aliacha taarifa ya benki mezani nikaichungulia. Tumeshalipa marejesho 12, na deni lililobaki ni milioni 78 na laki 6. Nikisema tupunguze kujibana anasema nataka watoto wake wakalale nje. Mume wangu si mlevi, si mhuni, anatupenda. Ndiyo maana nashindwa hata pa kulalamikia. Nifanyeje?

Mama Watatu, Madale

*

Marahaba, mama.

Barua yako niliisoma mara moja, nikarudi kwenye tarakimu zako na kikokotoo mkononi, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa. Nitaanza na hicho, maana kinaweza kubadilisha mazungumzo yote ya humo ndani.

Mkopo wa milioni 80 kwa riba ya asilimia 16, mwezi wa kwanza riba peke yake ni kama 1,067,000. Kwa hiyo katika rejesho lenu la 1,175,000, kinachopunguza deni lenyewe ni laki moja na kidogo. Ndivyo mikopo ya nyumba inavyofanya kazi: miaka ya mwanzo unalipa riba, deni linashuka kwa mwendo wa kobe. Ukilipa marejesho 12 bila kuongeza hata senti, deni linabaki kama milioni 78 na laki 6. Rudia kusoma hapo, mama. Ni tarakimu ileile uliyoiona kwenye taarifa.

Kama laki 7 za kila mwezi zingekuwa zinapunguza deni, leo mngekuwa mnadaiwa kama milioni 69 na nusu. Benki huhesabu kwa siku, kwa hiyo panaweza kuwa na tofauti ya laki moja au mbili, lakini haiwezi kuwa milioni tisa. Ninachokiona ni kwamba fedha anazohamisha mumeo zimekaa tu kwenye akaunti, zinasubiri kukatwa kama marejesho ya miezi ijayo, na wala hazijagusa deni. Jambo hili huwapata watu wengi. Mteja anaweka fedha za ziada akiamini deni linashuka, kumbe mfumo wa benki unakata rejesho la mwezi tu mpaka mteja atoe maelekezo kwa maandishi kwamba kiasi hiki kipunguze deni la msingi. Kuna benki zinazotaka barua, nyingine zina fomu yake, nyingine zinapokea malipo hayo kuanzia kiwango fulani tu.

Kwa hiyo kuna milioni 8 na laki 4 zenu ambazo, kwa hesabu yangu, zimelala mahali. Zimetoka kwenye sahani za watoto na kwenye wikiendi za mumeo, na mpaka sasa hazijamwokolea shilingi ya riba. Najua inauma. Itamuuma yeye zaidi. Lakini bado ni zenu, na habari njema ni kwamba mnaweza kuamua upya namna ya kuzitumia.

Mwende benki wote wawili, usimwachie aende peke yake. Una haki ya kukaa kwenye kile kiti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ndiyo maana siku ya mkopo benki ilikuhitaji usaini. Mkifika, ombeni taarifa kamili ya akaunti na jedwali la marejesho, muone kila rejesho lilikatwa riba kiasi gani na deni kiasi gani. Ulizeni malipo ya kabla ya muda yana ada gani, maana mikataba mingine inatoza asilimia fulani. Ulizeni pia kama riba yenu haibadiliki au inaweza kupandishwa. Na mkiweka fedha za kupunguza deni, andikeni wazi kwamba mnataka muda wa mkopo upungue na rejesho libaki vilevile. Benki ikipunguza rejesho na kuacha miaka ileile, faida kubwa inayeyuka.

Sasa tuje kwa baba watoto. Simlaumu. Mwanaume aliyebeba vyombo vya mwenzake kutoka kwenye nyumba iliyouzwa hawezi kulala usingizi uleule tena. Ila dawa aliyoichagua haitibu ugonjwa anaouogopa. Anachoogopa ni kupoteza kazi na kushindwa kulipa. Fikiria fedha zake zote zingekuwa zimeingia kwenye deni kama alivyotaka, halafu kesho kampuni ikampunguza. Mwisho wa mwezi benki ingedai 1,175,000 ileile. Huwezi kwenda kwa afisa mikopo ukamwambia nirudishie kidogo nilichozidisha mwaka jana. Deni lingekuwa dogo, mkononi kusingekuwa na kitu, na mnada ungekuja vilevile. Anayelindwa na mnada ni yule mwenye marejesho ya miezi kadhaa yamekaa pembeni. Sheria ya Ardhi inaitaka benki itoe notisi ya siku 60 kwa mkopaji aliyeshindwa kabla haijauza. Mwenye akiba ya miezi mitatu, siku hizo zikija, ana muda wa kutafuta kazi nyingine na kuongea na benki akiwa na kitu mkononi.

Hii ndiyo hoja ya kumpelekea mumeo, mama. Usimwambie "tunateseka", maana hilo analijua na amelihalalisha. Mwambie, "Unaogopa mnada, na mimi pia naogopa. Tukipoteza mshahara wako mwezi ujao, tutalipa na nini?"

Zile milioni 8.4, mimi ningezigawa hivi. Laki 6 na elfu 60 zikamalize deni la kikoba na riba ya mwezi huu. Milioni 4 ziende kupunguza deni la nyumba, kwa barua. Zinazobaki, kama milioni 3 na laki 7, ni marejesho matatu na chenji kidogo. Hizo zikae mahali pasipofikika kwa kadi ya ATM lakini zinapatikana haraka, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako ukiomba fedha unazipata ndani ya siku chache za kazi. Hizo haziguswi kwa harusi wala kwa sofa.

Zile milioni 4 peke yake zinafupisha mkopo wenu kwa zaidi ya miaka miwili. Shilingi ya ziada inayoingia mapema inafanya kazi kubwa kuliko ile ya mwishoni, kwa sababu inazuia riba ya miaka yote inayofuata.

Baada ya hapo mtakuwa mnadaiwa milioni 74 na laki 6. Mkiendelea na rejesho la kawaida bila kuongeza, mtamaliza kwa miaka 11 na miezi 9 au 10, na jumla mtatoa kama milioni 166. Mkiongeza laki 7 kila mwezi kama anavyotaka mumeo, na safari hii ziguse deni kweli, mtamaliza kwa miaka 4 na miezi 9, na mtatoa milioni 107. Mkiongeza nusu yake, yaani laki 3 na nusu, mtamaliza kwa miaka 6 na miezi 8, na mtatoa kama milioni 121 na nusu.

Tazama hapo kwa utulivu. Nusu ya kujibana inawapa robo tatu ya faida. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni karibu miaka miwili na milioni 14 na nusu. Si fedha ndogo, sitamdanganya mtu. Lakini binti yenu yuko kidato cha pili. Katika miaka hii karibu mitano anayotaka kuibana mumeo, mtoto huyo atafanya mtihani wa kidato cha pili, wa cha nne, na Mungu akipenda wa cha sita. Nyumba mtaimaliza tu, iwe kwa njia hii au ile. Masomo ya huyu mtoto hayarudiwi.

Kwa hiyo laki 3 na nusu zirudi nyumbani, na nitasema bila kupepesa macho zianzie wapi. Kwanza chakula cha watoto shuleni. Kwa binti, hata kikiwa shilingi 2,000 kwa siku, ni elfu 44 kwa mwezi. Mtoto anayesema amefunga na si mwezi wa mfungo amejifunza kubeba deni ambalo hakulisaini. Hilo likome wiki hii, usisubiri kikao wala benki. Pili gesi. Mkaa wa kupima unaonekana rahisi kwa sababu unatoa hela kidogo kila siku. Ukijumlisha mwezi mzima mara nyingi haupishani sana na gesi, na juu yake unalipa kwa saa mbili tatu za binti yako kila jioni. Maharage chemsheni mengi siku moja ya wiki, gawanyeni, gandisheni. Huko ndiko kubana matumizi ninakokujua mimi.

Tatu, mama yako. Elfu 40 za mama wa Lushoto si anasa. Mzazi hasitishwi mpaka mkopo uishe. Mwezi ujao atumiwe, na ningependa atume mumeo mwenyewe, ampigie na simu.

Michango ni suala jingine, na hapo niko nusu na mumeo. Harusi za mjini zina kamati zinazopanga bajeti kwa mifuko ya watu wengine, na si kila kadi ya WhatsApp inastahili ahadi yenu. Kaeni muweke kiwango cha mwaka mzima, mfano laki 6, na muamue majina: ndugu wa damu, majirani wa karibu, wale waliokuja kwenu mlipofiwa. Wengine mnawapigia, mnawapongeza, mnawaambia ukweli kwamba mna mkopo wa nyumba. Watu wanaelewa wakiambiwa. Kinachowakera ni kimya. Lakini msiba ni msiba, huo hautafutiwi bajeti.

Shule ya kayumba iacheni hivyo hivyo. Ulilia, nakuelewa, ila umesema mwenyewe mtoto amezoea. Msimhamishe tena kwa ajili ya fahari. Muda mnaookoa na gesi mtumieni kukaa naye kwenye hesabu na kusoma, wewe ni mwalimu. Kisimbuzi nacho kinaweza kusubiri.

Kibarua cha wikiendi kingepungua kwanza kwa siku moja. Jumapili aache. Sisemi mwende hotelini. Kigamboni mnavuka kwa pantoni kwa nauli ndogo, mnabeba wali na samaki kwenye hotpoti, watoto wanacheza mchangani na baba yao akiwa macho. Watoto wenu wamekuwa wakiambiwa wavumilie kwa ajili ya nyumba. Wanahitaji kumwona mtu ambaye nyumba hiyo inalipiwa kwa ajili ya kuishi naye.

Sasa lako wewe, mama, na hapa sitakubembeleza. Deni la kikoba mwambie mumeo kabla hajalisikia kwa mtu. Akina mama wa kikoba wana midomo, na siku ukichelewesha riba watakuja mpaka getini. Angalia pia hesabu yake ilivyo. Kila laki moja mumeo anayopeleka kupunguza deni la nyumba inaokoa riba ya shilingi 1,333 kwa mwezi. Kila laki moja uliyokopa kikoba inakula shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwaka mzima humo ndani mtu mmoja amekuwa akiziba tundu kwa kijiko huku mwingine akilitoboa kwa jembe, wote kwa nia njema. Ukimwambia, usianze na "umenilazimisha". Mwambie ulikopa kwa sababu fedha ya chakula haikutosha na uliogopa kusema. Atakasirika. Mwache akasirike siku mbili. Mume uliyenieleza habari zake hawezi kushindwa kuona kwamba bajeti iliyomlazimu mkewe kukopa kwa siri ilikuwa na kasoro.

Chagua siku ya kuongea. Si usiku akitoka kwenye kibarua, si mbele ya watoto. Weka mezani taarifa ya benki, andika tarakimu nilizokupa, na mwache azihakiki mwenyewe kwa kikokotoo. Mwanaume anayependa mahesabu mpe mahesabu. Lile la milioni 8.4 kutogusa deni liulize kama swali, usilitupe kama ushindi: "Hivi hizi laki 7 zimeingia wapi? Twende tukaulize." Pale benki ulizeni pia kuhusu bima. Mikopo mingi ya nyumba huja na bima inayolipa deni mkopaji akifariki, na huenda mnailipia bila kukumbuka. Kama ipo, hofu yake ya kuwaacha watoto na deni itapungua nusu palepale.

Huenda akakataa mara ya kwanza. Mtu aliyejishikilia kwa mwaka mzima haachii kwa kikao kimoja. Basi usimwombe abadili msimamo wa miaka. Mwombe miezi mitatu tu: ziada iwe laki 3 na nusu, watoto wale shuleni, gesi irudi, mama atumiwe, Jumapili awe nyumbani. Mwezi wa tatu ukiisha mkae tena na taarifa mpya ya benki, mtazame deni limeshuka kiasi gani na ripoti ya binti ya muhula inasemaje, ndipo muamue kama mnaendelea hivyo au anaongeza kidogo.

Na huo mwezi wa tatu ukifika, niandikie.

Shangazi yako